Simba wa Njombe, Maji ya Ruaha na Hesabu ya Viumbe

Katika nchi ya Ubena, miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jua lilipoanza kuinama milango ilifungwa. Mama hakumtuma mtoto kisimani jioni, na aliyechelewa kurudi kutoka shambani alingojwa kwa hofu. Kati ya mwaka 1932 na 1947 simba waliwala watu katika wilaya ya Njombe, ambayo siku hizo ilikuwa ndani ya Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini, kisha ikawa sehemu ya Mkoa wa Iringa mpaka ilipopata mkoa wake mwaka 2012. Idadi inayotajwa mara nyingi ni watu 1,500. Hakuna aliyewahesabu mmoja mmoja, na huenda hesabu hiyo imekuzwa. Lakini hata ikipunguzwa kwa nusu, simba wa Tsavo wa mwaka 1898, ambao sifa zao zimeenezwa duniani kwa vitabu na sinema, watakuwa kisa kidogo mbele ya wale wa Njombe.

Aliyepelekwa kuwawinda alikuwa Bwana Nyama mmoja Mwingereza, George Rushby, ambaye kabla ya kuajiriwa na serikali aliishi kwa kuwinda ndovu, na si kila mara kwa kibali. Yeye na maaskari wake wa wanyamapori walifuata nyayo kijiji hadi kijiji, wakawapiga risasi mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1947 mauaji yakakoma. Wenyeji wengi walikuwa na maelezo mengine. Walisema hao hawakuwa simba wa kawaida bali simba wa kutumwa. Masimulizi husema kwamba aliyewatuma ni jumbe mmoja aliyevuliwa madaraka, na wapo walioamini kwamba simba walitoweka kwa sababu jumbe huyo alirudishiwa cheo chake, wala si kwa sababu ya bunduki ya Mzungu.

Sisi tunaosoma gazeti chini ya taa ya umeme tusiharakishe kucheka. Imani ile ilibeba ndani yake swali la busara kabisa: kwa nini simba hawa, mahali hapa, na kwa nini wakati huu? Simba walikuwako Ubena tangu enzi za mababu, na hawakuwa na desturi ya kuvunja nyumba za watu. Ni kitu gani kilichobadilika?

Maelezo yanayotolewa mara nyingi yanahusu ugonjwa wa ng'ombe. Sotoka, ambayo katika miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe, nyati na pofu kote Afrika Mashariki, ilikuwa ikitishia tena kuvuka kwenda kusini. Serikali ya kikoloni iliamua kuuzuia ugonjwa kwa kuondoa wanyama wanaoweza kuubeba. Wanyamapori wenye kwato walipigwa risasi kwa wingi ili pawe na ukanda mtupu ambao sotoka isingeweza kuuruka. Ukanda ulipatikana, lakini simba walioishi humo hawakupewa taarifa. Mauaji ya watu yalikuwa yameanza kabla ya kampeni hiyo kupamba moto, kwa hiyo sotoka haielezi kila kitu. Hata hivyo ni vigumu kuamini kwamba simba aliyeachwa bila nyati, bila pofu na bila kongoni angeendelea kuishi kama zamani.

Jambo hili si la kale peke yake. Mwaka 2005 mtaalamu wa simba Craig Packer, pamoja na Dennis Ikanda na wenzao wengine wa hapa nchini, walichapisha uchunguzi kuhusu simba kushambulia watu Tanzania. Kati ya mwaka 1990 na 2004 walikuwa wameuawa watu zaidi ya 560. Mashambulio mengi yalitokea katika wilaya ambazo wanyama wa kawaida wa simba walikuwa wamekwisha, wakabaki nguruwe mwitu. Nguruwe mwitu huja mashambani usiku kula mazao. Mkulima hulala kwenye dungu kuyalinda. Simba humfuata nguruwe, naye mkulima yumo njiani. Hapo hakuna anayehitaji kutumwa na mtu.

ANAYEKULA NA ANAYELIWA

Kule Njombe walioondolewa ni wanaoliwa. Je, anayekula akiondolewa, hutokea nini? Wengi wetu tungejibu bila kufikiri: wanaoliwa watastawi, na nchi itajaa viumbe wa kila aina. Jibu hilo ndilo lililompeleka Mmarekani mmoja, Robert Paine, kwenye miamba ya ufuko wa jimbo la Washington mwaka 1963.

Kwenye miamba ile waliishi konokono, mwani, kome na viumbe wengine wengi waliojishikiza mawe, na juu yao alitawala kiti cha pweza, yule mdudu wa bahari mwenye mikono mitano ambaye watoto wa pwani yetu humwokota maji yakitoka. Kiti cha pweza hula kome. Paine alichagua kipande cha mwamba, akawa anang'oa viti vya pweza na kuwatupa baharini, akafanya hivyo tena na tena, huku kipande cha jirani akikiacha kama kilivyo. Alipochapisha matokeo yake mwaka 1966, kipande kilichokuwa na aina 15 za viumbe kilikuwa kimebaki na 8. Kome, kwa kukosa wa kuwala, walienea wakachukua kila nafasi na kuwasukuma wengine nje. Mlaji alikuwa akiwazuia wenye nguvu wasiwameze wanyonge. Miaka michache baadaye Paine aliwaita viumbe wa namna hiyo kwa mfano wa jiwe la katikati katika tao la mlango: si kubwa kuliko mawe mengine, lakini ukilitoa tao lote huanguka.

Msomaji wa Mwanza au Musoma hapa atanyosha mkono, na ana haki. Sangara je? Samaki huyo mla wenzake aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na kufika miaka ya 1980 alikuwa ameteketeza mamia ya aina za furu ambao hawakuwako popote pengine duniani. Mbona huyu hakuongeza chochote? Tofauti ni kwamba kiti cha pweza na kome wamekaa pamoja muda mrefu mno, kila mmoja amezoea hila za mwenzake. Sangara aliletwa kwa ndoo miongoni mwa samaki ambao hawakuwahi kuonana na mlaji mkubwa wa namna yake. Kwa hiyo haitoshi kusema kuwa walaji ni wema au ni wabaya.

Kuna kitu kingine kinachofanya kazi inayofanana na ya mlaji, nacho ni msukosuko: moto, mafuriko, upepo unaoangusha mti mkubwa msituni, kwato za mifugo. Mwaka 1978 mtaalamu mwingine wa Marekani, Joseph Connell, alitoa hoja kwamba aina nyingi zaidi za viumbe hupatikana pale ambapo msukosuko ni wa wastani. Ukizidi, wanaobaki ni wale wachache wanaovumilia lolote. Ukikosekana kabisa, wenye nguvu hupata nafasi ya kuwafunika wenzao wote, kama kome wa Paine. Hoja hiyo imepingwa na wengi tangu siku hizo, na zipo sehemu nyingi ambapo haikubaliki. Mimi siichukui kama sheria bali kama swali zuri la kubeba safarini. Na safari yenyewe ipo karibu: mtu akifuata maji yanayotoka milima ya Mbeya na Njombe hadi mipaka ya Iringa, ataliona swali hilo likijibiwa zaidi ya mara moja.

BUSTANI YA MUNGU

Maji yanaanzia Kitulo. Uwanda huo uko kwenye kimo cha karibu mita 2,600, kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, na baridi yake ya mwezi wa Julai huwauma hata watu wa Makete waliozaliwa ndani yake. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ulifanywa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea na si wanyama. Mimea yake ni aina kiasi cha 350, na miongoni mwake okidi peke yake ni aina 45. Mvua za mwisho wa mwaka zikishika, nyasi zote huchanganyika na maua mekundu, meupe, ya njano na ya zambarau mpaka upeo wa macho.

Mtu wa mjini akifika hapo hudhani kwamba uzuri huo umetokana na kuachwa bila kuguswa. Sivyo. Nyasi za milimani ni nchi ya moto. Mimea mingi ya namna ile huficha uhai wake chini ya ardhi, katika viazi na vitunguu, na moto ukipita juu na kuondoa nyasi kavu, ndipo machipukizi yake yanapopata mwanga. Moto ukikoma miaka mingi, vichaka na nyasi ndefu hufunika. Ukija kila mwaka kwa ukali, nayo miti ya mabonde na chemchemi huungua. Kinachotakiwa ni kiasi, na kiasi hicho hakina kipimo kilichoandikwa ukutani.

Wapo hata wanyama wanaofanya kazi zote mbili, ya mlaji na ya msukosuko. Muhanga, mnyama wa usiku mwenye pua ndefu na makucha ya jembe, hula mchwa na siafu, na katika kuwatafuta huchimba mashimo makubwa. Mbayuwayu wa buluu, ndege adimu anayezalia katika nyanda hizi, aghalabu hujenga kiota chake ndani ya mashimo ya namna hiyo. Palipo na nyasi bila mashimo, ndege huyo hana nyumba.

Kisha binadamu akaja na jembe lake mwenyewe. Viazi vya okidi, ambavyo wafanyabiashara huviita chikanda, ni chakula kinachopendwa sana Zambia. Vikitwangwa na kuchanganywa na karanga, hupikwa vikawa kama nyama. Zamani vilichimbwa vichache. Tangu miaka ya 1990, okidi za Zambia zilipopungua, walanguzi walivuka Tunduma kutafuta nyingine, na ikawahi kukadiriwa kwamba viazi vinavyong'olewa katika Nyanda za Juu Kusini kwa mwaka ni mamilioni. Kiazi kimoja ni mmea mmoja. Familia ya Makete iliyokuwa ikichimba magunia hayo haikuwa ikiichukia bustani. Ilikuwa ikitafuta ada ya shule. Lakini moto hupita juu na kukiacha kiazi, na jembe hukiondoa chenyewe.

BAKULI LA USANGU

Kutoka Kitulo na milima ya jirani hushuka mito ya Chimala, Kimani na Mbarali, na kutoka upande wa Iringa huja Ndembera. Yote hukutana katika tambarare ya Usangu, wilayani Mbarali, Mkoa wa Mbeya, na kuwa Ruaha Mkuu. Jina la mto, kwa Kihehe, ni luvaha, nalo maana yake ni mto tu.

Usangu ni kama bakuli. Maji ya masika hujaa, husambaa, hupoa, na mwishowe hukaa katika dimbwi kubwa la matete linaloitwa Ihefu. Bakuli hili lina mdomo mmoja, mwamba wa Ng'iriama, ambao kazi yake ni ya kizingiti: maji ya Ihefu yakiwa juu ya mwamba, mto huendelea kwenda hifadhini, yakishuka chini ya mwamba, hata kama ndani bado yamejaa kiasi, huko mbele halifiki hata tone. Msomaji akumbuke mwamba huo, kwani kisa chote cha Ruaha kimekalia juu yake.

Mpunga wa kumwagilia uliletwa Usangu na Wabaluchi waliokuja kukaa Rujewa na jirani zake wakati wa ukoloni. Katika miaka ya 1970, kwa msaada wa China, taifa letu lilijenga shamba kubwa la Mbarali. Baadaye likafuata Kapunga. Wakulima wadogo walichimba mifereji yao kandokando. Wafugaji walifika na ng'ombe kutoka kaskazini, Wasukuma, Wamasai na Wabarbaig, kwa sababu huko walikotoka malisho yalikuwa yamekwisha. Usangu ikawa ghala. Wali ulio sahanini mwako leo Jumapili, msomaji wa Dar es Salaam, si ajabu umetoka huko.

Mifereji haikufungwa hata wakati wa kiangazi. Maji yaliendelea kuingia mashambani mpunga ulipokuwa umekwisha vunwa, yakakauka juani bila kumnufaisha mtu. Mwaka 1993, kabla ya mvua kuanza, Ihefu ilishuka chini ya kizingiti na Ruaha Mkuu ukaacha kutiririka. Tangu hapo mto umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi, wiki kadhaa au miezi kadhaa. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza lengo kwamba ifikapo mwaka 2010 maji yangetiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ulipita.

Lawama zimegawanywa kwa wingi, na si kwa haki kila mara. Miaka ya 1990 umeme ulipokuwa wa mgawo na bwawa la Mtera likawa tope, vidole vilielekezwa kwa mkulima na mfugaji wa Usangu. Baadaye wataalamu walionyesha kwamba namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa ilichangia sana. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji Usangu, wengi wakaelekea Lindi na Pwani, na njiani ng'ombe walikufa na familia zikafilisika. Mwaka 2008 Usangu iliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ambayo eneo lake lilipanuka hadi kilomita za mraba zaidi ya 20,000. Ng'ombe walipoondoka, Ihefu ilipata nafuu ya kwato. Mto uliendelea kukatika.

Na tukiwa bado hapa bondeni, tumtazame ndege mmoja. Tambarare ya matete na nyasi za kila aina ina ndege wa kila aina. Tambarare ya mpunga mtupu humlea mmoja, kwelea kwelea, anayekuja kwa makundi kama wingu. Mkulima hana budi kuomba ndege ya kunyunyizia sumu. Sumu humuua kwelea, na kipanga anayemla kwelea aliyekufa naye huipata sumu hiyo. Msimu unaofuata kwelea hurudi. Kipanga huchelewa.

MADIMBWI

Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964, ni mahali ambapo Afrika mbili zinakutana. Nyika ya migunga ya Afrika Mashariki inakoma hapo, na misitu ya miombo ya kusini inaanzia hapo. Ndiyo sababu tandala mkubwa na tandala mdogo huonekana katika hifadhi moja, na palahala na korongo hawako mbali na twiga na pundamilia. Simba wake ni miongoni mwa makundi makubwa yaliyosalia Afrika. Wapo chui, duma, fisi na mbwa mwitu. Ndege wamehesabiwa zaidi ya aina 570. Kutoka Iringa mjini hadi lango la hifadhi, kupitia Idodi na Tungamalenga, ni mwendo wa saa chache kwa gari, na wakazi wengi wa Iringa hawajawahi kwenda.

Mto ukiacha kutiririka, yanayobaki ni madimbwi. Wanyama wanaoweza kuishi bila kunywa kila siku, kama tandala mdogo na digidigi, hujiendea zao. Nyati, kuro na viboko hawana hiari hiyo, hukusanyika penye maji. Simba naye anajua. Hulala kivulini hatua chache kutoka dimbwini na kungoja chakula kijilete. Kwa mgeni mwenye kamera hiyo ni neema, na wapo wanaoujua mwezi wa Oktoba kuwa ndio mzuri wa kutembelea Ruaha. Kwa nyati mwenye ndama ni jambo lingine. Mlaji yule yule, ambaye mto ukitiririka huwatawanya wanyama wasikae mahali pamoja na kumaliza majani, sasa huwakuta wamefungwa kwa kiu.

Kilichonishangaza zaidi, hata hivyo, si simba bali kiboko. Usiku kiboko hutoka kula majani nchi kavu. Mchana hurudi majini na kunya humo. Maji yakitembea, mavi hayo ni mbolea na chakula: wadudu wa majini huyala, samaki huwala wadudu, na mto mzima hunufaika kwa majani ambayo samaki asingeweza kuyafuata porini. Watafiti wa Marekani na wa hapa kwetu walioupima mto huu, na kuchapisha kazi yao mwaka 2018, walieleza jinsi baraka inavyogeuka. Viboko wengi wakibanana katika dimbwi lisilotembea, mavi hurundikana. Vijidudu vinavyoyaozesha humaliza hewa ya oksijeni iliyo majini. Aina za samaki na wadudu hupungua, na wanaobaki ni wale wachache wanaovumilia uchafu. Mvua zikirudi na mto ukafumka, maji husukuma yote chini, na baada ya muda tofauti kati ya dimbwi la viboko na dimbwi lisilo na viboko hutoweka.

Kwa maneno mengine, gharika ya kila mwaka, ambayo sisi tungeiita maafa, ndiyo iliyokuwa ikisafisha nyumba. Kiboko hakubadilika, wala tabia yake haikubadilika. Kilichobadilika ni urefu wa muda anaoishi ndani ya maji yaliyosimama, na muda huo hupimwa na mlango wa mfereji ulio mbali naye, Mbarali, ulioachwa wazi usiku na mtu ambaye hajawahi kumwona.

JIRANI WA SIMBA

Nje ya hifadhi, upande wa Iringa, ziko tarafa za Idodi na Pawaga. Vijiji vyake viliungana katika jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori inayoitwa MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Hifadhi haina uzio. Maji yakipungua ndani, tembo hutoka kuyatafuta, na mahali tembo anapopita bustani ya mtu haibaki. Simba na fisi huyafuata mazizi.

Kwa familia ya mfugaji ng'ombe mmoja ni maziwa ya watoto, ni mahari, ni akiba isiyo na benki. Kumwambia baba wa familia hiyo kwamba simba ni urithi wa taifa ni kumtania. Kwa hiyo simba waliuawa, wengi mno. Kwa Wabarbaig kijana aliyemuua simba alizungushwa kwa jamaa na kuchezewa ngoma, akapewa ng'ombe, na hivyo kupata mwanzo wa maisha. Wengine walitumia mkuki, wengine mtego wa waya, na wengine sumu ya wadudu wa mazao iliyopakwa kwenye mzoga. Sumu ndiyo mbaya kuliko zote kwa kuwa haichagui. Simba mmoja anayetafutwa huweza kufa pamoja na fisi, mbweha na tumbusi wengi walioshuka kula. Tumbusi wakiisha, mizoga huoza mahali ilipo, na maradhi ya mizoga, kama kimeta, hupata nafasi. Aliyeweka sumu hiyo anachunga ng'ombe wake kwenye malisho yale yale.

Mwaka 2009 mtafiti Amy Dickman wa Chuo Kikuu cha Oxford alianzisha huko mradi wa kuchunguza wanyama walao nyama wa Ruaha. Mwanzoni watu wa vijiji hawakuutaka, na sioni kwa nini wangeutaka. Mradi ulianza na mambo yanayoshikika. Mazizi ya miiba yalizungushiwa waya imara, kwani mifugo mingi ilikuwa ikiliwa usiku ndani ya zizi bovu. Waliletwa mbwa wakubwa wa jamii inayotumiwa Uturuki kulinda kondoo, wanaobweka kabla simba hajakaribia. Vijana wa kifugaji, baadhi yao wale wale ambao zamani wangetafuta sifa kwa mkuki, waliajiriwa kufuatilia nyayo na kuwaonya wachungaji: leo msipitishe ng'ombe bonde lile.

Lakini jambo lililozungumzwa zaidi vijijini ni kamera. Kijiji hupewa kamera zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, na wanakijiji wenyewe huzifunga mitini katika ardhi yao. Kila picha ya mnyamapori ina alama zake. Swala hupata chache. Mnyama adimu au mwenye kuleta hasara, kama simba na mbwa mwitu, hupata nyingi. Alama zikijumlishwa, hugeuzwa kuwa dawa za mifugo, vifaa vya zahanati na mahitaji ya shule, na vijiji hushindana. Mtego wa waya uliotegwa karibu na kamera sasa unamwibia mtu fulani, naye ni jirani.

Mpango huu haumrudishii mjane ng'ombe wake aliyeliwa jana, wala haufungi mlango hata mmoja wa mfereji kule Mbarali. Unategemea fedha za wafadhili, na wafadhili huchoka. Hata hivyo siku ya kuhesabu picha watu hukaa chini ya mti na kutaja majina: nungunungu, ngiri, tandala, chui. Fisi, ambaye katika hadithi zetu zote hakuna aliyewahi kumsema vizuri, akitokea kwenye picha naye huandikiwa alama zake.